Viti Tisa vya Dairekta Yeh

Simu ilipolia, Hsu Pi-yun alikuwa jikoni kwake anamenya tangawizi. Ilikuwa Jumanne ya Januari isiyo na jambo. Nje mvua ya Keelung ilinyesha kama kawaida yake, mvua isiyo na haraka wala mwisho, inayoulowesha mji ule wa bandari mpaka kuta zinaota ukungu na soksi zinakaa siku nne kwenye kamba bila kukauka. Akafuta mikono, akainua kipokeo cha simu ya mezani.

"Binti Posta," sauti ikasema. "Karibu imekwisha."

Alimjua papo hapo. Duniani kote mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Binti Posta, yeye mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyekwisha kustaafu. Alikuwa Yeh Chao-tung, mwongozaji wa filamu, ambaye wapenzi wa filamu zake walimwita Dairekta Yeh.

"Kipi kimekwisha, Dairekta?"

"Filamu. Imebaki picha moja, ya mwisho. Nyingine zote nimezipiga humu humu nyumbani, mwenyewe. Sasa sikiliza. Jumapili, saa nane mchana, ninyi tisa mje kwangu. Maisha yangu yote nimepiga picha za watu wakitoka. Mara hii nataka kupiga watu wakiingia."

"Sisi?"

"Sasa nani mwingine? Waambie wote. Mimi namba zao sina, ninayo yako tu. Nitapanga viti."

"Nitawaambia."

"Usije ukasahau."

"Lini nimewahi kusahau, Dairekta?"

Na kweli hakusahau. Laiti angesahau, pengine leo angekuwa analala usingizi kama watu wengine.

Dairekta Yeh alitengeneza filamu kumi na moja katika miaka arobaini, na zote zilikuwa na alama moja. Watu walipomaliza kula, au kugombana, au kuagana, wakatoka chumbani, yeye hakukata picha. Aliiacha kamera ikitazama chumba kitupu. Nusu dakika. Wakati mwingine dakika nzima. Kikombe kinatoa mvuke, pazia linapumua, kandambili moja imelala kifudifudi. Watu wengi waliinuka ukumbini wakisonya, wakaenda kudai viingilio vyao. Alipoulizwa, alijibu neno lile lile kila mara: "Mtu akitoka, ndipo chumba kinaanza kusema."

Lakini wapo waliobaki vitini. Kutoka kwa hao kikazaliwa chama kidogo cha watu tisa, kilichokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ghorofani juu ya duka la supu ya tambi karibu na hekalu. Pi-yun ndiye aliyekuwa katibu. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini na saba, Dairekta Yeh alikuja kupiga filamu katika posta aliyofanyia kazi. Pi-yun aliambiwa aketi kwenye dirisha la stempu, kisha ainuke aende zake, basi. Filamu ilipotoka, akajiona anainuka. Halafu kiti chake kikabaki pale kwenye skrini kubwa, kitupu, dakika nzima, na ukumbi mzima unakitazama. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Hakuna mtu maishani mwake aliyewahi kuona kwamba ameondoka.

Ndiyo maana Dairekta alipofiwa na mkewe, Pi-yun akaanza kumpelekea supu. Kila Alhamisi, miaka sita, alipanda ngazi mia moja na kumi na mbili mpaka kwenye ile nyumba juu ya kilima, bakuli limefungwa kwenye kitambaa. Hawakuzungumza sana. Yeye anakunywa, Pi-yun anaosha vyombo, wanaagana.

Kisha mwezi wa Desemba gazeti moja likamhoji. Wakamuuliza, siku hizi, Dairekta, una nani wa karibu? Akajibu: "Sina mtu. Nina watazamaji tu."

Pi-yun aliyasoma maneno yale akiwa amesimama. Miaka sita ya supu! Ngazi mia moja na kumi na mbili! Mtazamaji tu. Alhamisi ile hakwenda. Na iliyofuata hakwenda. Dairekta hakupiga kuuliza ana nini, anaumwa au vipi. Alipopiga hatimaye, Jumanne ile ya tangawizi, hakutaja supu wala Alhamisi. Alimtaka awe mpeleka habari wake.

Basi Pi-yun akaketi mezani, akaandika majina manane kwenye karatasi, akalitazama lile la kwanza, akaweka kalamu chini. Hakumpigia hata mmoja. Ajisubirie, alijiambia. Jumapili moja tu. Aone asiye na mtu anavyokaa.

Jumapili ilifika. Saa nane alikuwa kitandani amejifunika blanketi, anaitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro dakika ishirini simu ya mezani ikalia. Hakuinuka. Ikanyamaza. Saa kumi na moja ikalia tena, na safari hii ililia muda mrefu sana, ikakatika, ikaanza upya. Pi-yun alijiziba masikio kwa mto. Baada ya hapo haikulia tena, siku ile wala zilizofuata.

Dairekta Yeh alikutwa siku ya kumi na moja. Jirani aliona magazeti yamelundikana mlangoni, yamelowa mpaka yamekuwa uji, akaita polisi. Alikuwa jikoni, sakafuni, amevaa koti lake jeusi la kwendea sherehe. Daktari alisema alianguka Jumapili alasiri, akavunjika nyonga. Hakufa siku hiyo. Alikaa hai pale kwenye vigae vya baridi, vilivyolowa maji, siku mbili, huenda tatu. Kipokeo cha simu ya jikoni kilikutwa kimevutwa kwa waya wake mpaka chini, karibu na kinywa.

Hakuna aliyejua alikuwa akimpigia nani. Isipokuwa mmoja.

Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi ulimkuta Pi-yun hali, halali. Nduguze walidhani ni msiba, wakampa pole. Kila pole ilimchoma kama sindano ya moto. Mara tatu alifungua kinywa amwambie mtu. Mara tatu akaomba chumvi, akaomba chai, akauliza saa ngapi.

Mwisho wa Februari, Yeh Ting-an, mpwa wa marehemu, alikuja kwake na bahasha ndogo.

"Shangazi, hii ni kadi ya kamera ya mjomba. Filamu yake iko humu. Polisi waliitazama, nami nimeitazama. Ni vyumba vya nyumba yake tu, kimoja kimoja. Mwishoni kuna viti, viti tu, dakika arobaini na moja, mpaka betri ikaisha. Sauti haina, maiki ya kamera ile iliharibika zamani." Akakuna kichwa. "Mimi sielewi mambo yenu hayo. Lakini ameandika juu ya bahasha: Ya wale tisa."

Habari zikaenea chamani kwa siku moja. Ikaamuliwa waiangalie Jumapili, Jumapili iliyoangukia karibu na siku ya arobaini na tisa ya kifo chake, kabla roho haijashika njia yake na kuondoka kabisa. Chan Teng-fa ndiye aliyetoa wazo la mahali. Huyu alikuwa mzee wa miaka sabini, dereva wa winchi bandarini enzi zake, mtu wa utani hata matangani.

"Tuangalie kwake," alisema. "Saa nane mchana, kama watu wenye adabu. Projekta nitabeba mimi. Dada Pi-yun, wewe umezoea zile ngazi, utaongoza msafara."

Pi-yun akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo mvua ilikuwa ya rasharasha. Pi-yun alivaa koti lake la sufi la kijivu, akapanda mbele, na nyuma yake wanane wakihema, wamebeba machungwa, keki za nanasi, vijiti vya udi na mwavuli mmoja mmoja. Ting-an aliwafungulia mlango, akaomba radhi, ana kazi mjini, wakimaliza wafunge.

Nyumba ilikuwa imesafishwa jikoni tu. Sebule haikuguswa. Walipoingia, wote wakasimama kizingitini kama waliozuiwa.

Viti tisa vilikuwa vimepangwa safu tatu, vikitazama shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Viti vya kila aina, vya mbao, vya plastiki, kimoja cha kukunja. Juu ya kila kiti palikuwa na kipande cha karatasi, na jina kwa mwandiko wa brashi. Nyuma ya viti, kamera ndogo ilisimama juu ya miguu yake mitatu.

"Haya ni majina yetu," alisema Kang Hui-chu kwa sauti ya chini. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole, mdogo kuliko wote. "Alikuwa anatusubiri."

"Siku gani? Mbona mimi hakuniambia?" akauliza Teng-fa. "Mwalimu, alikuambia?"

"Mimi? Hapana."

Wakaulizana mmoja baada ya mwingine. Hapana. Hapana. Pi-yun alikuwa ameinamia meza, anapanga machungwa mbele ya picha ya marehemu. Alipofikiwa akatikisa kichwa bila kugeuka.

"Kiburi," Teng-fa akasema, akashusha pumzi. "Ndiye yeye huyo. Anapanga viti, halafu anaona aibu kuita watu. Mzee wa watu, kiburi kimemuua."

Na Pi-yun akaliacha neno lile likae pale, juu ya jina la marehemu, kama lilivyo.

Wakawasha udi, wakainama mara tatu. Wakaketi kila mmoja kwenye jina lake, wakala keki za nanasi, na kama ilivyo kwa watu waliompenda mtu mmoja, wakaanza kumkumbuka.

"Filamu yake ya kwanza mimi nililala," alisema Teng-fa. "Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikaamka, nikatazama, chumba bado kitupu. Nikasema, afadhali, sijapitwa na kitu!"

Walicheka, hata waliokuwa wanalengwa na machozi. Hui-chu akasema yeye aliiona ile yenye jiko la bibi, wiki moja baada ya kumzika mama yake. Bibi anatoka, sufuria inabaki inachemka peke yake. "Nikaona, kumbe kuna mtu mwingine aliyewahi kurudi nyumbani akakuta sufuria tu."

"Dada Pi-yun, njoo ukae basi," mtu akamwita. "Kiti chako hiki hapa."

Kilikuwa safu ya nyuma, pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Kiti cha mbao chenye mto. Karatasi yake haikuwa na jina. Ilikuwa imeandikwa: Binti Posta.

"Nitasimama," akasema. "Nishughulike na projekta."

Akafunga mapazia. Nje bado mchana ulikuwa mweupe, mwanga ukapenya pembeni kama maji. Filamu ikaanza.

Ilikuwa kama alivyosema Ting-an. Chumba cha kulala. Dairekta anakunja blanketi, anatoka, kitanda kinabaki. Bafu, anaosha meno, anatoka, bomba linadondosha matone. Jikoni, anakunywa supu kutoka kwenye bakuli, anaweka, anatoka. Pi-yun alilitambua bakuli. Lilikuwa lake. Alilisahau pale Alhamisi ya mwisho.

Kisha ikaja sebule. Sebule ile ile, viti vile vile, kamera ikiwa pale pale aliposimama Pi-yun. Dairekta akiwa na koti lake jeusi alipita akiweka karatasi moja moja juu ya viti. Kiti cha mwisho alikitazama kwa muda, akaenda akaleta mto, akaupiga piga, akauweka. Akatazama saa yake. Akatoka upande wa jikoni.

Viti vikabaki.

Ilikuwa ajabu kuvitazama, viti tisa vitupu kwenye shuka, na mbele ya shuka viti vile vile na migongo minane ya watu. Dakika tano. Dakika kumi. Hakuna aliyejinyoosha. Walikuwa wamezoea.

Ndipo Pi-yun akasikia kitu.

Kilikuwa kidogo. Kama kitambaa kinachoburutwa kwenye vigae. Alidhani ni nje. Akatega sikio. Kilitoka kwenye filamu, filamu isiyo na sauti.

"Binti Posta."

Akatazama ile migongo minane. Hakuna aliyegeuka.

"Binti Posta. Umewaambia?"

Kwenye shuka, chini kabisa, pembeni, pakatokea vidole. Vinne. Vilishika kizingiti cha mlango wa jikoni. Kisha mkono wa koti jeusi. Kisha kichwa cha mvi, kimeinama, nywele zimeganda kwa maji. Alitambaa. Polepole. Mguu mmoja ulimfuata kama si wake.

Pi-yun alitaka kuizima projekta. Mkono haukumtii.

Dairekta alikwenda kwanza kwenye kiti cha mbele, cha Teng-fa. Akaushika mguu wa kiti. Akapumzika. Na pale sebuleni, kiti cha Teng-fa kikalia, kwii. Teng-fa akajikunyata, akainua kola ya koti lake kama aliyepigwa na upepo. Hakuacha kutazama mbele.

Akaenda cha pili. Kikalia. Aliyekikalia akakohoa.

Cha tatu. Cha nne. Hui-chu akajifunga skafu yake vizuri, akasugua mikono.

Safu ya kati. Safu ya nyuma. Kila alipofika, alishika, akapumua, akatazama juu kuona nani amekaa. Kila mara akatikisa kichwa. Hakuona mtu. Kwake yeye, bado vilikuwa vitupu.

Kikabaki kimoja.

Akakishika. Akajivuta. Mara ya kwanza akaanguka. Mara ya pili akaanguka. Pi-yun alisikia mfupa. Mara ya tatu akapanda, akaketi juu ya ule mto, mgongo kwa kamera, mabega yanapanda na kushuka.

Pi-yun hakutaka kukiangalia kiti chenyewe. Kile cha kweli. Kilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. Akakiangalia.

Migongo ilikuwa tisa.

Ule wa tisa ukageuka. Taratibu, kwa maumivu, kama mzee anayegeuka kumtazama mtu aliyechelewa ukumbini. Uso ulikuwa wa Dairekta. Haukuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ulikuwa uso wa mwenyeji aliyepokea mgeni mmoja na bado anatazama nyuma yake, mlangoni.

"Umechelewa, Binti Posta," alinong'ona. "Wengine wako wapi?"

"Sikuwaambia."

Alilisema kwa nguvu. Alilisema mpaka sebule nzima ikashtuka.

"Sikuwaambia! Alinipigia. Aliniambia niwaite, Jumapili saa nane. Sikumwambia mtu. Nilikasirika. Alipiga tena nikaiacha ilie. Ililia, ililia, nikajiziba masikio. Sikuwaambia!"

Ikawa kama kitu kizito kimemwelemea bega moja, kinamvuta chini. Akaegemea meza. Ule uzito ukakaa kidogo, ukajinyanyua, ukaondoka.

Mtu alifungua pazia. Mwanga wa mchana ukaingia wote. Kwenye shuka viti tisa bado vilionekana kwa mbali, vyeupe, vitupu. Kiti chenye mto kilikuwa kitupu.

"Mmemwona?" akauliza. "Mmemwona alivyotambaa?"

Walitazamana. Hawakuwa wameona kitu. Viti tu. Lakini walikuwa wamesikia, na walichosikia kiliwatosha.

Teng-fa aliinuka. Siku hiyo kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Mimi nimemwita mtu wa kiburi," alisema. "Hapa, mbele ya picha yake. Na wewe ulikuwepo. Unapanga machungwa."

"Kaka Teng-fa..."

"Siku mbili, dada. Siku tatu. Mimi nakaa hapo chini, dakika kumi kwa miguu! Ningekuja. Ningekuja hata kwa mkongojo. Angepiga picha yake."

Hakumtukana. Aliikunja ile karatasi yenye jina lake, akaiweka mfukoni, akainama mbele ya picha ya marehemu mpaka mgongo ukalia, akasema, "Dairekta, nimefika. Nisamehe, sikujua." Kisha akatoka. Wengine wakafanya vile vile, mmoja mmoja. Kila mmoja alichukua karatasi yake, akainama, akasema amefika. Hakuna aliyemsemesha Pi-yun. Akabaki amesimama, anawatazama wakitoka, hadi chumba kikawa kitupu na yeye ndani yake.

Alipotoka hatimaye, alimkuta Hui-chu peke yake amesimama kwenye ngazi, chini ya mwavuli. Pi-yun alidhani amemsubiri amwambie neno la huruma.

"Nimesubiri nifunge mlango," alisema Hui-chu. "Ting-an aliniachia ufunguo." Kisha akakunja uso. "Bega lako limelowa."

"Ni mvua."

"Hujatoka nje bado, dada."

Chama hakikuvunjika. Kilihamia mahali pengine, siku nyingine. Hakuna aliyemwambia. Alijua kwa kupita Jumamosi ya kwanza ya Aprili chini ya lile duka la supu, akaona taa za ghorofani zimezimwa. Hakulalamika. Angeanzia wapi?

Alikwenda kwa Ting-an, akamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Kijana yule akamwomba aondoke. Pi-yun akamwandikia barua. Ikarudi haijafunguliwa. Sasa kila Alhamisi Pi-yun anapeleka supu kwenye makaburi ya mlimani, anaiweka, anasimama, anaondoka, na asubuhi mbwa wanakuwa wamekwisha kuinywa.

Bega la koti halikukauka. Mwanzoni hakushangaa, Keelung ni Keelung. Akalitundika juu ya hita wiki nzima. Akalipeleka kwa dobi, dobi akalirudisha, akaomba radhi, akasema mashine zake zote ni nzima. Mwezi wa Mei akalifunga kwenye begi, akapanda treni mpaka Kaohsiung kwa dada yake mkubwa, huko kusini ambako jua linapasua ardhi. Wakalianika juu ya paa siku tatu. Kitambaa kilikauka mpaka kikawa kigumu, kikapauka rangi. Pale begani palibaki na maji.

Na kwa kuwa sehemu nyingine zote zilikuwa zimepauka, sasa umbo likaonekana wazi. Dada mtu alilivuta koti karibu na macho. Vidole vinne upande wa mbele. Kidole gumba upande wa nyuma. Kiganja kimekandamizwa sana, kimeteleza kidogo kuelekea chini. Akaweka mkono wake juu ya alama ile kuipima, akautoa haraka, akaupangusa kwenye sketi. Alama ilikuwa ya baridi kama vigae.

"Pi-yun," akanong'ona. "Huyu aliyekushika hivi, alikuwa anataka nini kwako?"

Pi-yun alilichukua koti, akalivaa pale pale juani.

"Alikuwa anataka kusimama," akasema.